Mahali pa Sauti: Mawimbi ya Redio kama Mali Ghafi ya Sanaa ya Kiswahili

Katika idara zetu za Kiswahili tumezoea kuwa na rafu mbili: moja ya fasihi simulizi na nyingine ya fasihi andishi. Mchezo wa redio haujapata pa kukaa. Anayeusoma kama maandishi huuona mwembamba, umejaa marudio na majina ya watu yanayotajwa bila haja. Anayetaka kuuona kuwa ni simulizi hulalamika kwamba fanani haonekani na hadhira haijibu. Matokeo yake ni kwamba kazi zilizosikilizwa na umma mkubwa kuliko ule unaosoma riwaya zetu zote zimeachiwa idara za uandishi wa habari, ambako hupimwa kwa idadi ya wasikilizaji na si kwa ubora wa sanaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upungufu huo una chanzo chake. Wahakiki wetu wameyachukua mawimbi ya sumakuumeme kuwa ni mfereji tu wa kupitishia maneno kutoka kinywani hadi sikioni, ilhali mawimbi hayo ni mali ghafi yenye tabia zake.

Mchongaji wa Kimakonde ajuaye kazi yake hachongi mpingo kama achongavyo mninga. Ugumu wa mti, mishipa yake, na mahali unapopasuka huingia katika umbo la kinyago, na mhakiki anayekieleza kinyago bila kuutaja mti ameeleza nusu. Wimbi nalo lina urefu, lina kasi, lina vizuizi, lina saa za kufika mbali na saa za kufifia. Tunadai kwamba tabia hizi zimeingia katika umbo la sanaa ya redio ya Kiswahili, na kwamba ziliingia hasa kwa mlango wa mahali.

Mifano yetu mingi tutaitazama kutoka Kinoru, mtaa wa mji wa Meru, kwenye miteremko ya kaskazini-mashariki ya Mlima Kenya. Hatukuchagua Kinoru kwa mapenzi ya nyumbani tu. Katika nchi ya Wameru na Waembu Kiswahili si lugha ya mama. Kwa watu wengi wa vizazi vilivyotutangulia kilifika kwa njia ya shule, ya soko na ya redio, na katika hizo redio ndiyo iliyoleta Kiswahili cha mwambao kikiwa sauti isiyokuwa na mwenyewe. Shuleni mwalimu alionekana, sokoni mchuuzi alionekana. Redioni hapakuwa na mtu. Kwa hiyo suala la sauti na mahali pake si suala la nadharia tupu katika sehemu hizi.

Suala la istilahi

Yafaa tuanze na maneno, maana ndiyo mali yetu sisi watu wa lugha. Neno wimbi halina taabu. Ni la bahari, nalo limehamia katika fizikia bila kuumia. Sumakuumeme ni zao la wanaistilahi, sahihi na zito mdomoni. Lakini neno masafa lina mkasa. Maana yake ya asili, kama lilivyotoka katika Kiarabu, ni umbali, urefu wa njia. Watangazaji wamelitumia kwa maana mbili zaidi: urefu wa wimbi, kama katika masafa ya kati na masafa mafupi, na idadi ya marudio ya wimbi kwa sekunde, kama kituo kinapojitangaza kwamba kinapatikana kwenye masafa fulani ya FM. Hapo unazaliwa usemi ambao, ukichukuliwa kwa maana ya asili, unajipinga wenyewe: masafa mafupi ndiyo yaendayo umbali mrefu kuliko yote, kwa kuwa huakisiwa na tabaka la juu la angahewa na kurudi duniani maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Ni kwa masafa mafupi Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza tarehe 27 Juni 1957, ilivyosikika Afrika Mashariki kutoka London. Mwanaistilahi mkali angetaka neno hilo lisahihishwe. Sisi tunaona heri liachwe lilivyo, kwa kuwa limehifadhi namna umma ulivyouelewa ufundi huu. Msikilizaji hakusikia marudio kwa sekunde, alisikia umbali.

Kadhalika simu ya upepo, jina la zamani la mitambo ya mawasiliano isiyo na waya. Upepo hauhusiki kwa lolote, maana wimbi la sumakuumeme hupita hata mahali pasipo hewa. Lakini tulipokwisha kusema upepo, tukaendelea na hewani, na hapo sarufi ikaanza kufanya kazi ambayo haijaangaliwa vya kutosha.

Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali: PA ya mahali dhahiri, KU ya mahali pasipo dhahiri, na MU ya ndani. Mtangazaji husema tuko hewani. Anatumia KU, na ana haki, kwa sababu hewani si pahali pa kuonyeshwa kwa kidole. (Wenzetu wa Tanzania mara nyingi husema tupo hewani, tofauti hiyo ni ya lahaja zaidi kuliko ya falsafa, na haiharibu hoja.) Lakini akimwelekea msikilizaji husema popote ulipo. Hapa panatumika PA, mahali dhahiri, na papo hapo popote, pasipojulikana. Katika maneno hayo mawili mna sarufi nzima ya redio. Msikilizaji yupo pahali dhahiri anapopajua mwenyewe; mtangazaji hapajui, na anakiri hivyo kila asalimupo. Mtambaji wa hadithi anayeizungukwa na hadhira yake hana haja ya kuwaambia popote mlipo. Usemi huo umezaliwa na wimbi.

Mahali palipofichwa

M. M. Mulokozi, katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" yaliyotoka katika Mulika mwaka 1989, alitutoa katika mazoea ya kuiona fasihi simulizi kuwa ni matini tu iliyokosa kuandikwa. Alifunza kwamba ni tukio, na kwamba tukio hilo hutawaliwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani yenyewe, mahali na wakati. Mpango huo umetufaa sana. Tukijaribu kuuhamishia redioni, fanani yupo, hadhira ipo, fani ipo, wakati upo tena kwa ukali kuliko kawaida, kwa kuwa kipindi kikipita kimepita. Kinachovunjika ni mahali. Panakuwa pawili, studioni na nyumbani, na baina yake pana wimbi.

Rudolf Arnheim, katika kitabu chake kuhusu redio kilichotoka London mwaka 1936, aliutetea upofu wa redio. Kwake kutoona si kilema cha sanaa hii. Ni nguvu yake, na msanii anayejitahidi kumrudishia msikilizaji macho anaiharibu. Tulimsoma ng'ambo kwa heshima kubwa, na bado tunamheshimu. Hata hivyo msikilizaji wa Arnheim ni mtu mmoja, ametulia chumbani mwake, na kipokezi ni chake. Msikilizaji wetu wa miaka ya 1960 na 1970 alikuwa mmoja kati ya kumi au ishirini waliozunguka redio ya mwenye duka, redio ambayo betri zake, mawe kama wengi walivyoziita, zilianikwa juani zikaze nguvu kidogo kabla ya taarifa ya habari. Kwa msikilizaji huyo mahali hapakufutika. Palifutika upande mmoja tu, wa mzungumzaji.

Upande huo uliofutika una uzito wa kisiasa, na historia yetu imetupa mfano ambao hakuna mwandishi wa tamthilia angethubutu kuubuni. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alianzisha kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966 katika Sauti ya Kenya. Kwa miaka mingi sauti yake ilikuwa kipimo cha Kiswahili safi na cha adabu, pamoja na kuwa sauti ya kandanda. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga walioasi waliteka kituo, wakamtoa Mbotela nyumbani kwake na kumlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Majeshi tiifu yalipokikomboa kituo, sauti hiyo hiyo ilitangaza kwamba serikali ipo. Tukiyatazama matangazo hayo mawili kwa vipimo vya Mulokozi, fanani ni mmoja, hadhira ni moja, siku ni moja. Tofauti yote imo katika kile ambacho wimbi halikukibeba, yaani chumba na walioshika silaha ndani yake. Jukwaani wangeonekana na kila mtazamaji angejua ni nani anayesema kwa kinywa cha nani. Redioni msikilizaji alibaki na pumzi, mwendo wa maneno na kituo cha kila sentensi, akavichunguza kama mhakiki achunguzavyo mizani ya shairi. Siku ile nchi nzima ilifanya uhakiki wa sauti.

Waandishi wa michezo ya redio hufanya kazi yao ndani ya ufichaji huo huo. Wimbi limewanyang'anya mahali, basi wapaswa kupajenga upya kwa maneno na kwa mlio. Mhusika wa jukwaani anaweza kukaa kimya robo saa nasi tukamwona akisononeka. Mhusika wa redioni akinyamaza dakika moja ameondoka; akinyamaza mbili amekufa. Ndiyo sababu huitana majina kila mara. Ndiyo sababu wanasema hapa, pale, huyo anakuja, funga mlango, katika hali ambazo binadamu wa kawaida hafungui kinywa. Mhakiki anayeyasoma haya katika muswada huyaita marudio yasiyo na kazi. Lakini ni nguzo za nyumba. Ondoa nguzo hizo na mandhari yote itaporomoka masikioni mwa msikilizaji, hasa yule aliyeko ukingoni mwa eneo la usikivu, ambaye neno moja katika manne humpotea.

"Ushikwapo Shikamana," mchezo wa mfululizo ulioanza kurushwa na Sauti ya Kenya mwaka 1987 kwa lengo la kuhimiza uzazi wa mpango, umejadiliwa mara nyingi kama chombo cha maendeleo. Mjadala huo ni wa haki, lakini umeufanya mchezo uonekane kama dawa iliyopakwa sukari. Sisi tunavutiwa na jina lake. Methali ni kauli isiyo na mahali. Hutamkwa popote na kumhusu yeyote. Mtunzi aliyeuita mchezo wake kwa methali alitambua, kwa kujua au kwa silika, kwamba kazi yake itasikika katika nyumba asizozijua, akachagua utanzu ambao tayari ulikuwa umezoea kusafiri bila mwenyewe.

Mfano wa Tanzania unaonyesha jambo hili kwa namna isiyopendeza sana. "Twende na Wakati" ulianza Redio Tanzania Dar es Salaam Julai 1993, na dereva wake wa lori, Mkwaju, pamoja na mkewe Tunu, wakawa watu mashuhuri kuliko wahusika wa riwaya nyingi tunazozitahini. Watafiti walitaka kujua kama mchezo huo unabadilisha mwenendo wa watu. Kwa hiyo hadi mwaka 1995 mtambo wa Dodoma ulirusha vipindi vya hapo hapo badala ya mchezo, ili wakazi wa eneo lake walinganishwe na wale wa sehemu nyingine za nchi. Kwa sayansi ya jamii huo ulikuwa mpango wa busara. Kwa mhakiki ni tukio la ajabu: hadhira ya kazi ya sanaa ikakatwa kwa mduara wa mtambo, si kwa lugha, wala tabaka, wala kujua kusoma. Mtu wa Dodoma alikuwa na Kiswahili, alikuwa na redio, alikuwa na haja. Wimbi tu halikuelekezwa kwake. Tunapoandika kwamba mchezo fulani ulisikilizwa na Watanzania, tukumbuke kwamba Watanzania wa sentensi hiyo walichaguliwa na mnara.

Popote alipo

Tumesema ng'ambo tulisomeshwa Arnheim. Tulisomeshwa pia Brecht, aliyetaka mwaka 1932 redio iache kuwa chombo cha kugawa sauti tu, iwe chombo cha watu kuzungumziana, msikilizaji naye apate kusema. Hakuna aliyetutajia kwamba ombi hilo lilipata jibu la namna yake katika vipindi vya salamu vya Afrika Mashariki. Tunaamini vipindi hivi ndivyo sanaa ya mawimbi iliyokomaa zaidi katika Kiswahili, na ndivyo vilivyodharauliwa zaidi.

Hebu tutazame kilichokuwa kikitendeka. Mtu wa Kinoru hununua kadi ya salamu. Huandika jina lake, mara nyingi pamoja na lakabu aliyojipa mwenyewe, na majina ya anaotaka kuwasalimu, popote walipo. Huipeleka posta. Kadi huenda Nairobi kwa basi, husubiri zamu yake, kisha siku moja mtangazaji huisoma. Wengi wa waliotajwa hukaa umbali wa kuitana kwa sauti. Angeweza kuvuka njia akawasalimu kwa mdomo. Badala yake amelituma jina lake mbali kwa karatasi ili limrudie kwa wimbi, naye akae kando ya redio alisikie likitamkwa na mtu asiyemjua, mbele ya nchi nzima.

Hapa mawimbi si njia tena. Salamu yenyewe, kama ujumbe, haina habari yoyote. Anayesalimiwa hapati jambo jipya. Kinachotengenezwa ni jina lililopita angani. Na jina hilo hugeuka. Lililokuwa la mtu mmoja wa mtaa mmoja linakuwa la popote, kisha linarudi kwa mwenyewe likiwa na ukubwa ambao halikuwa nao. Wajuzi wa majigambo na vivugo watatambua mara moja tuko katika ukoo gani wa sanaa. Lakabu za wasalimiaji zinaeleza kazi, sifa, asili na mizaha. Orodha yake ina mizani yake, na msomaji hodari wa kadi alijua kuongeza kasi na kupumua mahali panapostahili. Wasalimiaji wa Kenya wameunda hata vyama vyao, wakakutana ana kwa ana watu waliojuana kwa majina ya hewani tu. Siku hizi kadi imekuwa ujumbe wa simu na safari ya posta imepotea. Na pamoja nayo umepungua, kwa maoni yetu, ule ukawiaji uliolifanya jina lirudi kama mgeni.

Sasa tuje kwenye hali ya Kinoru yenyewe. Kutoka Nairobi hadi Meru kwa mstari ulionyooka ni kilomita 175 hivi. Wimbi liendalo kilomita 300,000 kwa sekunde huumaliza umbali huo kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sauti ya kawaida hewani huenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo fundi aliyesimama mita moja kutoka kwa mtangazaji huisikia baada ya sehemu tatu hivi za elfu. Maana yake ni kwamba, katika enzi ya mawimbi ya masafa ya kati, sauti ya mtangazaji ilifika kwenye kipokezi cha Kinoru kabla haijafika sikioni mwa jirani yake studioni. Ukaribu wa redio, ambao washairi wameusifu kama hisia, ni jambo la hesabu.

Lakini kufika si kufika salama. Wimbi la masafa ya kati lina urefu wa mita 187 hadi 565. Uwanja wa kandanda una mita mia na kidogo. Wimbi moja la namna hiyo lisingeweza kulala ndani ya Uwanja wa Kinoru. Kwa ukubwa huo hukumbatia vilima na kupita. Wimbi la FM lina mita 3 tu, nalo huenda moja kwa moja kama mwanga. Kutoka Nairobi lingekutana na bega la mashariki la Mlima Kenya na kukomea hapo, isipokuwa pawe na mtambo mwingine wa kulipokea na kulirusha upya. Msikilizaji wa masafa ya kati aliipata sauti ya Nairobi, ila aliipata pamoja na mengine. Jua likitua, tabaka la angahewa linaloyameza mawimbi hayo mchana hutoweka, na vituo vya mbali huingia juu ya kituo chako. Lugha usizozijua zikapenya katikati ya mchezo. Radi nazo ni watangazaji. Kila mmweko hurusha mawimbi yake, na Afrika ya kati, hasa mashariki ya Kongo, ina radi nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Mkwaruzo uliosikika redioni usiku wa masika haukuwa ubovu wa chombo. Ilikuwa mvua ya mahali pengine.

Je, mkwaruzo huo ni sehemu ya kazi ya sanaa? Wengi watakataa, nasi hatutaki kuifanya kila kelele kuwa fani. Hata hivyo Frantz Fanon, katika sura yake ya mwaka 1959 juu ya redio katika vita vya ukombozi vya Algeria, ameeleza jinsi Wafaransa walivyovuruga matangazo ya wapiganaji, na jinsi watu walivyoendelea kukizunguka chombo kilichotoa kelele tupu, mmoja akitega sikio na kuwapasha wenzake, nao wakikamilisha kwa kuwaza yale yasiyosikika. Hadhira hiyo ilitunga. Kwa kiwango kidogo zaidi, na bila vita, ndivyo walivyofanya waliosikiliza michezo ya Kiswahili katika miinuko hii. Asiyesikia vizuri aliuliza, aliyesikia alieleza, mara nyingi kwa Kimeru, na maelezo hayo yakawa toleo la pili la mchezo, la lugha nyingine, lililotungwa papo kwa papo ndani ya duka. Toleo hilo hakuna aliyeliandika.

Hali imebadilika. Leo msikilizaji wa Kinoru ana vituo vya FM vinavyosikika wazi, Muuga FM kwa Kimeru, Radio Citizen na vinginevyo kwa Kiswahili. Sauti ya mbali si lazima tena iwe ya Kiswahili, na sauti ya Kiswahili si lazima tena iwe ya mbali. Watu wa lugha tunalifurahia hili kwa ajili ya Kimeru, kama ipasavyo, lakini tukiri kwamba Kiswahili kimepoteza hapa mamlaka fulani ya kisanaa yaliyotokana na umbali wenyewe. Anayesikiliza kwa simu kupitia intaneti naye amebadilishiwa wakati. Zamani mashabiki walikwenda uwanjani na redio, wakatazama mchezo kwa macho huku wakiusikiliza kwa masikio, kwa sababu mchezo uliotangazwa ulikuwa mtamu kuliko uliochezwa. Anayefanya hivyo leo kwa intaneti atasikia bao sekunde kadhaa baada ya uwanja mzima kushangilia. Sauti yake imekatwa vipande, ikafungwa, ikatumwa na kufunguliwa. Haimfikii tena kama wimbi moja lisilokatika. Utangazaji wa mpira kama fani ya kauli ilishikamana na macho hauwezi kustahimili ucheleweshaji huo.

Mawimbi bila maneno

Hadi hapa tumezungumzia sanaa ambayo husafiri kwa mawimbi na kuchukua umbo lake. Ipo nyingine inayoyafanya mawimbi yenyewe kuwa kitu cha kusikilizwa. John Cage alitunga mwaka 1951 kazi ya redio 12 zinazoendeshwa na watu 24, wakizungusha vitufe kwa kufuata maandishi ya muziki, na kinachosikika ni chochote kilichoko hewani saa hiyo. Christina Kubisch wa Ujerumani, tangu mwaka 2004, amewatembeza watu mijini wakiwa na visikizi vyenye koili, ambavyo hugeuza nguvu za sumakuumeme za taa, mashine za benki na treni kuwa sauti. Mwaka 2006 yalifanyika Riga, Latvia, maonyesho yaliyoyatangaza mawimbi ya sumakuumeme kuwa ni mali ghafi na pia chombo cha sanaa. Tunayataja haya kwa ufupi. Yana watu wake wa kuyasifu.

Linalotuhusu ni kwamba Mkenya yumo. Joseph Kamaru, ajulikanaye kwa jina la KMRU, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mwanamuziki mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, alitoa mwaka 2024 kazi iitwayo Natur. Ni kazi ndefu, isiyo na neno hata moja, iliyojengwa kwa sehemu kubwa na sauti zilizonaswa kwa vinasa vya sumakuumeme. Msanii aliyekulia Nairobi na kuhamia Berlin ameusikiliza mji uliotulia kwa masikio ya kawaida akaukuta unanguruma kwa namna isiyosikika. Tunaihesabu kuwa kazi nzito. Mvumo wake hauna haraka, hauombi kupendwa, na mtu akiusikiliza hadi mwisho hawezi tena kuuita ukimya wa usiku ukimya. Tungeilaumu kwa jambo moja. Inaelekea kuyaweka maumbile upande mmoja na umeme upande mwingine, kana kwamba nguvu hii ililetwa na mji. Msikilizaji wa masafa ya kati wa Kinoru, aliyekwisha kusikia radi ikijikwaruza ndani ya "Ushikwapo Shikamana," angejua kwamba maumbile yalikuwa yakitangaza kabla ya vituo vyote.

Kuna watakaouliza kazi isiyo na neno inaihusu vipi idara ya Kiswahili. Inaihusu kwa sababu inatuonyesha upande wa pili wa kile tulichokipuuza. Msanii huyu amelichukua wimbi akaacha neno. Sisi tumechukua neno tukaacha wimbi. Tunapohifadhi mchezo wa redio tunahifadhi muswada, na muswada haukuwahi kusikilizwa na mtu. Kanda zilikuwa ghali, na vituo vingi duniani vilizoea kuzifuta ili kurekodi vingine juu yake. Hata zilizosalia zilinasa sauti ya studioni, safi, kabla haijaguswa na anga. Hakuna popote pilipohifadhiwa kile kilichofika dukani.

Toleo la kitaaluma la mchezo wa mwaka 1987, kama siku moja litahaririwa, lingehitaji kurasa mbili zinazotazamana kwa kila onyesho: wa kushoto wa maneno, na wa kulia wa saa, kituo, masafa, hali ya usikivu na maelezo yaliyotolewa na waliosikia kwa wasiosikia. Mhariri atapata taabu kubwa na ukurasa wa kulia. Pa kuanzia ni kwa watu waliokuwa wazima mwaka ule, ambao hapa Kinoru bado wapo. Na asiwaulize kwanza mchezo ulihusu nini. Awaulize waliusikilizia wapi, redio ilikuwa ya nani, na nani hakuruhusiwa kukaa karibu nayo.